Mjerumani na Mmarekani Kinywani Mwangu

Jumamosi, Kitahana, nyumbani kwa mama.

Mvua inanyesha tangu asubuhi, ile nyembamba inayolowesha bila kupiga kelele juu ya bati. Ukungu umekaa kwenye migomba na hauna haraka ya kuondoka. Mtandao unakuja na kukatika. Naandika hivyo hivyo, kwa sababu nikikaa kimya nasikia sauti.

Si mzimu. Ni sauti yangu mwenyewe, ikisema maneno ya watu wengine.

Kwa anayesoma humu mara ya kwanza: nilikuwa mkalimani katika kambi ya wakimbizi ya Nduta, kwenye zahanati ya shirika moja la misaada. Mimi ni Muha wa hapa hapa Kibondo, na Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu, kwa hiyo Warundi walinielewa na wageni wakanihitaji. Kazi ile ina sharti moja. Mgeni akisema "mimi", na wewe unasema "mimi". Husemi "daktari anasema amesikitika." Unasema "nimesikitika." Siku za mwanzo ilinichekesha. Baadaye nikazoea, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Wageni wawili walipita kinywani mwangu kuliko wengine wote. Heike alikuwa daktari, Mjerumani, mwanamke mrefu wa makamo aliyetembea kama mtu anayechelewa, ingawa hakuwahi kuchelewa. Tyler alikuwa Mmarekani, kijana aliyeshughulikia ustawi wa familia, mwenye kicheko kilichosikika kabla yeye hajatokea.

Kabla yao nilidhani mzungu ni mzungu tu.

Tyler akikutana nawe asubuhi alikuuliza habari kama mtu aliyekukosa mwezi mzima. Siku ya kwanza nilianza kumjibu kama tunavyojibu huku. Nikamweleza kuhusu upepo ulioezua bati zetu, nikajikuta naongea na mgongo wake. Hakuwa na dharau. Kwao ile ni salamu, si swali. Heike hakuuliza habari kabisa, na watu walimwona ana kiburi. Kisha siku moja, tukiwa tunakunywa chai, aliniuliza paa la nyumbani limefikia wapi. Akanyamaza akingoja jibu lote, mpaka bei ya misumari.

Tyler aliniita rafiki siku ileile tuliyofahamiana. Kwa Heike nilibaki "Bi Skolastika" karibu mwaka mzima. Siku aliponiruhusu nimwite Heike bila cheo alisimama, akanipa mkono, kana kwamba tunatia saini mkataba. Nilicheka nilipofika nyumbani. Lakini tangu siku hiyo sikuwahi kuwa na shaka kama mimi ni rafiki yake.

Wakati mwingine mama mjamzito alihitaji kufikishwa hospitali ya Kibondo na kibali cha kutoka kambini kilikuwa bado. Tyler angempandisha garini kwanza, aombe radhi baadaye. Heike angekimbia ofisini kwenye mvua, arudi amelowa chapachapa na kibali mkononi. Mama alifika kwa njia zote mbili. Tyler alisema kwao mtoto anaambiwa tangu mdogo kwamba anaweza. Heike akasema kwao anaambiwa aangalie vizuri kwanza.

Najua Ujerumani si Heike na Marekani si Tyler. Nchi haziingii ndani ya watu wawili. Ila mimi sijafika kokote zaidi ya Dodoma, na nchi hizo nilizijua kwa maneno yaliyopita mdomoni mwangu.

Halafu akaja Generoza na binti yake Nadia.

Nadia alikuwa mtoto anayechoka. Wenzake walikimbia, yeye alichuchumaa na kuwaangalia, midomo ikiwa na rangi ya bluu. Heike alimpima kwa muda mrefu, akawasiliana na wenzake wa mbali, akampima tena. Kisha akamkalisha Generoza kitini na kumweleza. Namaanisha nilimweleza mimi.

Nilisema: "Moyo wake una tatizo la kuzaliwa. Upasuaji aliouhitaji haufanyiki hapa, na kwa hali aliyofikia sidhani kama ungemsaidia tena. Atakufa. Sijui lini, lakini si mbali. Nitahakikisha hapati maumivu."

Kwa Kirundi neno la kufa halina pa kujificha. Generoza hakumtazama Heike. Alinitazama mimi.

Wiki hiyohiyo Tyler alimfuata nyumbani kwake, akaketi chini kwenye mkeka, akamshika mikono. Macho yake yalikuwa na machozi, na sauti yangu nayo ikatoka na machozi, kwa sababu mkalimani mzuri hubeba na hayo. Nikasema: "Hatukati tamaa. Nimeshawaandikia watu wa kwetu. Tutampata wa kumtibu Nadia. Nakuahidi."

Maneno mawili, mama mmoja, mdomo mmoja.

Heike na Tyler waligombana kwa sababu hiyo, kwa adabu, kwenye kibanda cha chai. Heike alisema kumficha mgonjwa ukweli ni kumdharau, ni kumfanya mtoto, na kwamba nchi yake tangu vita vya dunia inajua gharama ya watu kutotaka kuona kilicho mbele yao. Tyler alisema kumwambia mtu hakuna tumaini ni kumwacha peke yake, na kwao huwezi kumwacha mtu kabla hujajaribu kila mlango. Kisha wote wawili wakanigeukia. Heike akauliza, "Na kwenu mnafanyaje?"

Nikasema inategemea. Wakarudi kwenye chai yao.

Generoza alichagua sauti moja. Alimshonea Nadia gauni la safari. Alimfundisha kusema "halo", na mtoto akawa anamsalimia kila apitaye, hata mbuzi. Nilimwona yule mama akicheka, na sikuwahi kumwona akicheka kabla. Siwezi kusema Tyler alidanganya. Alipiga simu hospitali moja baada ya nyingine mpaka sauti ikamkauka. Aliamini. Milango aliyobisha haikufunguka, basi.

Nadia alifariki asubuhi moja ya mvua, mapajani kwa mama yake, bila maumivu. Hilo Heike alilihakikisha kama alivyosema.

Mazishini Tyler alilia kuliko baadhi ya ndugu. Alimkumbatia kila mtu. Mkataba wake ulipoisha aliondoka, akatuma ujumbe wenye mioyo, kisha ujumbe ukapungua, kisha ukakoma. Simlaumu. Nadhani alipenda kwa kweli na akasonga mbele kwa kweli, na kwake hivyo viwili havigombani. Heike hakulia mbele yangu. Alikuwa akienda kwa Generoza, anakaa mkekani, anakunywa anachopewa, anaondoka. Generoza hakumsemesha hata neno moja. Heike aliendelea kwenda mpaka zamu yake ya kurudi kwao ilipofika.

Siku moja Generoza alinisimamisha njiani, karibu na mabomba ya maji. Hakuwa na hasira. Ningependelea hasira.

"Wewe ndiye uliyeniambia atakufa," alisema. "Na wewe ndiye uliyeniambia atapona. Nikimkumbuka mwanangu nasikia wewe."

Kisha akauliza, "Wewe mwenyewe ulikuwa unaamini lipi?"

Hakuna aliyewahi kuuliza mkalimani anaamini nini. Nilitafuta ndani nikakuta pametulia, kama chumba ambacho wapangaji wamehama. Generoza alinyanyua ndoo yake akaenda. Baadaye alirudi Burundi na watu wengine waliojiandikisha kurudi. Sijui aliko.

Lile swali halikurudi Burundi. Nachota maji, lipo. Nafunga mlango wa jiko, lipo. Na nyuma yake sauti yangu, mara inaahidi, mara inaua.

Sasa niseme kilichonifanya niandike leo.

Alhamisi nilimpeleka mama hospitali Kasulu. Amekuwa akikonda, na macho yake yameingia umanjano. Baada ya vipimo daktari alitoka mlangoni, akamwangalia mama aliyekaa kwenye benchi, akasema, "Ndugu wa mgonjwa, njoo." Ndugu wa mgonjwa, siyo mgonjwa. Huko ndani akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ni ini, ni saratani, na imeshasambaa. Akasema tumpe dawa za maumivu na tumpeleke nyumbani. Akamalizia, "Mtajua wenyewe namna ya kumwambia."

Basi hivi ndivyo tunavyofanya kwetu. Ningeweza kumjibu Heike pale kibandani kama ningethubutu. Kwetu ukweli anapewa ndugu, na mgonjwa anapewa supu. Wote wanajua, na kila mmoja anamlinda mwenzake kwa kunyamaza. Nimewaona watu wakifa hivyo, wamezungukwa na upendo na hawana wa kuzungumza naye.

Njia nzima mama hakuuliza kitu. Leo asubuhi, jikoni, akimenya mihogo, ndipo aliuliza bila kuinua kichwa.

"Daktari alikuambia nini kule ndani?"

Wa kwanza kufungua mdomo wangu alikuwa Tyler. Nilisema, "Tutapambana, mawe. Kuna hospitali kubwa Mwanza, tutakwenda, utapona." Mawe ndiyo mama kwa lugha yetu. Nilisema kwa uchangamfu ambao si wangu. Mama aliendelea kumenya.

Halafu akaja Heike. Nilikaa wima, nikasema, "Ini lako lina ugonjwa ambao hauna tiba katika hatua hii. Ni vizuri ujue ili upange mambo yako."

Mama akaweka kisu chini.

"Hayo maneno ya nani?" aliuliza. "Unaongea kama uko kazini."

Niliokota maganda ya mihogo yaliyoanguka.

"Sikumsomesha mtu ili aje kunitafsiria," alisema. "Niambie wewe."

Moshi ulikuwa unaniuma macho, na nilishukuru kwa ajili ya moshi. Nilishuka kwenye kigoda nikakaa chini karibu na miguu yake. Nikasema kwa Kiha, polepole, kwa sababu sikujua sentensi ilikuwa inaelekea wapi: "Mawe, unaumwa ugonjwa usiopona. Naogopa. Nimeogopa tangu Alhamisi na sikutaka uone. Sijui nitaingiaje humu jikoni ukiwa haumo."

Sijawahi kusikia "mimi" ikiwa nzito hivyo.

 Mama akaniwekea mkono kichwani, mkono wenye utomvu wa mihogo, akauacha hapo. Alilia kidogo. Mimi nililia zaidi. Aliuliza kama atapata maumivu makali, nikamwambia huenda, lakini dawa tunazo na nitazifuata nyingine zikiisha. Aliuliza kama nitarudi kwenye kazi zangu za kambini. Nikasema siendi popote. Hiyo nayo ni ahadi, na safari hii ni mimi nitakayedaiwa.

Alimaliza kumenya muhogo uliokuwa mkononi, akanawa, akasema jambo ambalo sikulitarajia kabisa.

"Tulipotoka hospitali tulipita mbele ya duka la vitenge. Ulimwona mwanamke aliyekaa mlangoni?"

"Sikumwona."

"Ni dada yangu."

Nilijua kwamba nina mama mkubwa Kasulu. Nilijua pia kwamba hatajwi. Kabla sijazaliwa aliolewa na mfanyabiashara Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani, akabadili dini, na babu akasema hana tena binti wa kwanza. Mama alimfuata babu. Babu alishafariki zamani, na mama akaendelea kumfuata. Humu nyumbani aliitwa "yule wa Kasulu", kama vile ni basi au ni mvua.

"Amezeeka," mama alisema. "Mkono unamtetemeka kama ulivyokuwa wa mama yetu. Alinitazama, nikageuza uso. Niligeuza uso, Skola, na sikujua kwamba sina muda."

Nikamwambia tunaweza kwenda wiki ijayo akipata nguvu. Akasema tunakwenda kesho, na padri akiuliza kuhusu misa nimwambie tulikokwenda.

"Nikimwita Velonika hataitika," alisema. "Sasa anaitwa nani?"

Nilimwambia lile nililowahi kulisikia kwa majirani: Zainabu.

Alilijaribu. Halikutoka vizuri mara ya kwanza. Akalijaribu tena, akatikisa kichwa kama mtu anayeonja chumvi kwenye mboga.

Sasa ni alasiri. Mvua bado. Mama amelala kidogo, ameamka, ameweka mihogo mikavu na chupa ya mawese kwenye kikapu, ametoa kitenge chake kizuri na kukikunjua juu ya kitanda. Muda mfupi uliopita alisimama mlangoni hapa na kuniuliza, "Nikifika nianze na lipi? Kwamba naumwa, au kwamba nilimkosea?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na majibu mawili tayari, yote ya watu wengine, na nikayameza yote. Nimemwambia sijui. Nimemwambia nitasimama karibu yake pale dukani, na Kiswahili kikimpiga chenga wana Kiha chao tangu utotoni.

Atasema mwenyewe.