Kisanduku Kilichofungiwa Kabatini

Mji wa Kale,
Mombasa.
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa Ami Hadi,

Assalaam alaykum. Leo nimejiapia kukueleza yote, hata yanayonitia haya. Lakini kwanza, u hali gani huko Maskati? Bi Jawahir na mtoto hawajambo? Twasikia joto la huko ni kali. Sisi ni wazima, alhamdulillahi. Bibi goti humsumbua akipanda ngazi, ila ulimi haumsumbui hata kidogo.

Ami, tulitiwa mtandao nyumbani kabla ya Ramadhani. Fundi alikitundika kisanduku chake dakani, pale Baba na wenziwe wanapobarizi baada ya alasiri. Unazijua kuta zetu za mawe: huku juu hakifiki kitu. Nami siwezi kuketi kati ya wanaume. Nikawa nasomea kwenye ngazi, mlango ukiwa wazi kidogo.

Neno la siri lilikuwa lile lile la kiwandani. Bibi alilihifadhi kama namba za simu za dada zake, na kila mgeni akalipata pamoja na kahawa. Nilipomwambia ni hatari, alinijia juu: "We Jihan, mtu aingie kwangu nimnyime? Uzeeni ndiyo niwe bahili?"

Basi Ijumaa Baba alikuwa na wageni sebuleni, mawakala wenziwe wa bandarini pamoja na imamu wetu. Ghafla televisheni ikaanza kuonyesha kinadada wakicheza chakacha harusini, mbele ya imamu! Mtu wa mtaani aliyekuwa kwenye mtandao wetu ndiye aliyeirusha kutoka simu yake, sijui kwa makosa au kwa mzaha.

Wageni walipoondoka, Baba aliuliza ni nani anayegawa neno la siri. Bibi akainamia tasbihi yake. Nami nikaanza kukusanya vikombe. Baba akanitazama. "Si wewe ndiye bingwa wa kompyuta humu ndani?" Akaking'oa kisanduku, akakifungia kabatini.

Jumamosi hii nina usaili wa video, wa nafasi ya kusomea kompyuta. Intaneti ya simu haipenyi kuta hizi, na kwenda saiba kukodi mtandao Baba hataki. Nikijitetea, nitamfedhehesha Bibi. Nikinyamaza, nafasi inanipotea. Nazunguka vyumbani kana kwamba nami nimetiwa kabatini.

Lakini nimechora mpango. Kisanduku kiwekwe ukumbi wa juu, kwenye uwazi wa katikati ya nyumba. Pale Bibi akiita, vyumba vyote husikia. Maneno ya siri ya kiwandani yabadilishwe, la mtandao na la kisanduku chenyewe. Kisha tuwe na mitandao miwili: wetu, na wa wageni usioweza kuigusa televisheni wala kompyuta ya kazi ya Baba. Huo wa wageni nimeuita Kahawa ya Bibi. Augawe apendavyo.

Baba hanisikilizi mimi, ila wewe ni nduguye, na kazi yako ndiyo hii ya mitandao. Simu ya Mama sikuitumia kwa sababu huzungumziwa mbele ya watu wote. Barua hii unaletewa na jirani yetu Bi Swafia anayesafiri kuja huko Maskati, naye anarudi Mombasa Alhamisi.

Mama anakusalimu sana, na Bibi anasema umekonda kwenye picha. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akurejeshe kwetu salama.

Je, Ami, utampigia Baba kabla ya Jumamosi, umweleze mpango huu kama wako, bila kumtaja Bibi?

Binti wa nduguyo akupendaye,
Jihan