Kumbukumbu Niliyoianika Juani

Rwamgasa,
Geita.
14 Novemba 1997

Mpendwa mpwa wangu Donatus,

Shikamoo yako ya barua ya mwezi wa saba niliipata, nami sikuijibu. Marahaba. Habari za huko Urusi, na kifua chako kwenye baridi hiyo? Sisi wazima, ila magoti yangu, na mvua za mwaka huu ambazo hazina adabu. Mwandiko huu ni wangu mwenyewe, sikumpa mtu aniandikie. Soma polepole.

Duara letu la kuchimbia dhahabu limejaa maji. Lile sanduku ulilotutengenezea, la kupiga kengele na kuwasha pampu maji yakipanda shimoni, lilinyamaza mwezi wa nane. Mvua ilipoanza pampu haikuwaka, magogo ya kushikilia kuta yakaanguka yote. Watu hawakufa kwa sababu ilikuwa Jumapili.

Unanijua. Rwamgasa nzima hakuna redio iliyokufa nikashindwa kuifufua. Sanduku liliponyamaza nililifungua, nikachomoa akili yake, kile kidude cheusi chenye miguu arobaini. Juu yake ulikuwa umebandika karatasi nyeusi. Nikaibandua, nikakuta kidirisha cha kioo, nikaona hapa ndipo nguvu inapoingilia. Nikakianika juu ya bati wiki mbili, jua la kiangazi, kama ninavyoanika betri za redio zikichoka.

Hakikuamka. Nikasema mbele ya ukoo wote kwamba Donatus ametupa kitu kilichooza kumbukumbu, kisha akakimbilia Ulaya. Mama yako, dada yangu Mageni, alikuwepo. Siku ile ile alifunga mizigo akahamia Kolandoto kwa binti yake. Sikumzuia.

Nikataka ushahidi. Nilipanda basi mpaka Shinyanga kwa Dhaval, mtoto wa Praful wa duka la spea, maana kwake ndiko iliko kompyuta mliyoitumia nyinyi wawili. Nikamwambia apime, aniandikie kwamba kimeoza, nitembee na hiyo karatasi.

Akakichomeka kwenye kisanduku chake cha kusomea, akafungua ile programu yenu. Kioo cha kompyuta kikajaa FF, FF, juu mpaka chini.

"Mzee, humu hamna neno hata moja. Kimefutika."

Nikamwambia ndiko kuoza huko. Akakataa. Akakijaza maneno ya kujaribia, akayasoma, akayafuta kwa taa yake ya zambarau, akarudia mara tatu. Nilikaa pale kutwa. Vyumba vyake vya kuhifadhia maneno elfu nne na tisini na sita, vyote vilijibu sawasawa. Kumbukumbu nzima, haina ugonjwa.

Ndipo akauliza karatasi ya kidirishani iko wapi. Nikamweleza. Alicheka mpaka baba yake akatoka stoo.

"Mzee Mabula, umeanika akili ya watu kama udaga wa muhogo. Jua ndilo linaloifuta."

Wateja wote walisikia. Halafu akalikagua sanduku lenyewe. Waya mmoja wa umeme ulikuwa umeliwa na kutu, basi. Waya, Donatus. Mimi, fundi wa redio tangu hujazaliwa, nikauruka.

Nawe una kosa lako. Ulibandika karatasi usiniambie ni ya nini. Mtu mzima kama mimi ulishindwa kumwambia? Hilo nimelisema na silirudishi.

Lakini hukutupa kitu kibovu. Dhaval anasema ukituma diski yenye maandishi yako yaliyokuwamo, atakijaza upya kidude hichohicho. Itume.

Nilipita Kolandoto kumweleza mama yako. Hakunipa kiti. Alisema, "Kaka, mwanangu ulimsema mbele ya watu, leo unaninong'oneza mlangoni. Mwandikie. Kwa mkono wako. Nami nitaisoma kabla haijaenda, na waliosikia siku ile wasikie."

Mke wangu Sesilia anakusalimu sana. Stanslaus wetu mdogo pia, anauliza kama theluji inalika.

Jumamosi wazee watakaa hapa kwangu, na mama yako atakuja. Kwa hiyo bahasha sijaifunga. Ataisoma yeye, kwa sauti, yote, pamoja na habari ya udaga, mimi nikiwa nimekaa mbele yao. Nimejaribu kuiandika fupi, imekataa. Ikikufikia huko, ujue sikuinuka mpaka mwisho.

Mungu akutunze, akupe mikono isiyotetemeka kwa baridi.

Mjomba wako akupendaye hata akinuna,
Mabula