Mke Mwenza wa Chuma

Jumatatu, 16 Juni

Nimefagia ua. Majani ya mkungu yamejaa tena, mekundu, kama kila kipupwe. Nikifika ukutani nafagia kuizunguka baiskeli ya marehemu Babu, maana haisogezwi.

Leo Baba mdogo Salum amesema itasogezwa. Amemwahidi Bwana Nassor, mwenye nyumba ya wageni kule ufukweni. Ataipaka rangi ya dhahabu aitundike ukutani. Anakuja kuichukua Jumapili. Baba mdogo anataka kuegesha pikipiki yake hapo.

Bibi amesikia. Ameendelea kukuna nazi.

Nimekasirika. Sikusema kitu. Mimi kutosema kitu ndiyo kazi yangu.

Nimeamua: kabla ya Jumapili nitapata picha moja nzuri ya baiskeli hiyo. Moja tu.

Jumatano, 18 Juni

Nimepewa simu ya Mama hadi adhuhuri. Nimeisugua baiskeli kwa majivu na mafuta ya taa. Kengele inalia. Breki ya nyuma haishiki. Kitabu cha upigaji picha cha maktaba ya shule kinasema mstari wa upeo wa macho lazima ulale sawa, na kitu kikuu kisikae katikati kabisa. Nimefuata yote.

Nikamwonyesha Bibi picha. Akaisogeza simu mbali, akaisogeza karibu.

"Mke mwenza, mbona umeipiga kama maiti anayesubiri sanda?"

Ananiita hivyo tangu nizaliwe, eti sote wawili tumeolewa na Babu. Akaongeza kwamba mke mwenza wake wa kwanza si mimi, ni chuma kile. Babu alikipangusa kila jioni kabla hajamuuliza yeye habari za mchana. Nimecheka hadi nikakaa chini.

Kisha nikazitazama picha upya. Ni kweli. Imekufa.

Kumbe inatakiwa iwe inakwenda. Na mimi sijui kuendesha. Na kuliko kumwomba mtu, bora nifanye mtihani wa hesabu.

Ijumaa, 20 Juni

Nimemwomba Hamisi, mtoto wa shangazi. Nilifanya mazoezi ya sentensi moja tangu asubuhi. Akakubali kabla sijaimaliza.

Baada ya swala ya Ijumaa tukaenda njia ya mchanga ya kuelekea Mbegani, pale kwenye mikungu mitatu. Njia yote nyekundu kwa majani. Sijui mahali pazuri kuliko pale.

Mambo yameharibika kabisa. Hamisi haendeshi, anapozi. Miwani ya jua, vidole viwili juu. "Oya, nipige hapa, hii itabamba!" Cheni ikachomoka mara tatu. Mara ya nne akaingia kwenye michongoma, akasema hii si baiskeli, ni adhabu. Tukaikokota hadi nyumbani. Picha zote zina Hamisi. Baiskeli haipo.

Bibi akauliza kulikoni. Nikamweleza yote, mpaka mikungu. Akauliza swali moja tu: mchanga wa huko mgumu au laini? Nikasema mgumu, masika yameushikisha.

Kwa nini aulize mchanga?

Jumamosi, 21 Juni

Andika taratibu, Rukia.

Baada ya swala ya alfajiri Bibi alisimama mlangoni kwangu amevaa suruali ya Babu. Kaikunja miguuni, kanga mbili juu yake. Nilidhani naota. Akasema chukua simu na baiskeli, twende.

Njiani ndipo aliponieleza. Mwaka waliooana Babu alimfundisha kuendesha, njia ile ile, kabla watu hawajaamka, maana mwanamke juu ya baiskeli angesemwa mji mzima. Aliendesha miaka mitatu. Hakuna aliyemwona ila Babu. Hakuna hata picha moja.

Niliogopa vibaya. Ana miaka sabini na kitu, na breki ya nyuma haishiki. Akapanda kwa kukanyaga jiwe. Nikashika siti kwa mikono miwili nikakimbia nyuma yake. Alikuwa anaendesha! Na mimi, mwenye kutaka picha, sina mkono wa kupigia.

"Achia!"

Nikasema utaanguka.

"Nikianguka nitainuka. Achia, mke mwenza!"

Nikaachia. Kusema kweli nilifumba macho kwanza. Nikatoa simu, nikabonyeza mara moja, naye akapotelea kwenye kona. Nikasikia kengele. Nikasikia "Ya Rabi!" Halafu kicheko. Nilimkuta ameegemea mnazi, mzima, kandambili moja haionekani.

Wanawake wawili wenye ndoo walikuwa wamesimama. "Mashallah, Bi Mwanaidi!" Bibi akawaitikia kama malkia. Habari ilifika mjini kabla yetu.

Picha imepinda. Kichwa cha Bibi kinagusa ukingo wa juu. Majani yanaruka nyuma ya gurudumu, kanga imejaa upepo, mdomo wazi. Nimevunja kila sheria ya kitabu. Nimeitazama mpaka chaji imeisha.

Jumapili, 22 Juni

Bwana Nassor alikuja na kirikuu, kile kigari chake cha mizigo. Baba mdogo akaanza kuinua gurudumu la mbele. Bibi hakuinuka mkekani.

"Salum, weka chini. Ina mwenyewe, na mwenyewe anaiendesha."

"Nani, Mama? Jini?"

Bibi akanitazama mimi.

Nikamwamkia Bwana Nassor shikamoo mara ya pili, akaitikia marahaba mara ya pili. Nikampa simu. Zaidi sikuweza.

Akaangalia, akampa Baba mdogo. Baba mdogo akaisogeza karibu na macho.

"Mama. Hii suruali ya Baba."

Akaishusha baiskeli polepole. Akaifuta siti kwa kiganja.

Bwana Nassor akasema vyuma vya kutundika atapata kwingine. Anachotaka sasa ni picha hii, kubwa, ikae mapokezi, Bibi akiridhia. Bibi akasema wamemwona wenye ndoo, nao wageni waone. Bwana Nassor akauliza: je, mpiga picha anakubali? Mpiga picha! Nikaitikia kwa kichwa. Bibi akasema mpiga picha ana mdomo.

"Nakubali," nikasema. "Lakini isinyooshwe. Ibaki imepinda hivyo hivyo."

Wote wakacheka. Sikuwa natania.

Jumapili, 29 Juni

Nimefagia ua. Nimeizunguka baiskeli, nimeizunguka na pikipiki chini ya mkungu. Goti limechubuka.

Asubuhi, njia ile ile, nilipanda baiskeli mimi, Bibi akashika siti. Hakukimbia, alitembea kwa haraka huku akinisimulia harusi ya jirani. Nami nikawa namjibu. Baadaye kidogo nikagundua najibu peke yangu.

Nilipogeuka alikuwa mbali, kwenye mikungu, ameinua simu ya Mama. Ndipo nikaanguka.

Picha ina kidole gumba chake na kipande cha gurudumu. Nimeihifadhi.