Ufagio Si Mkono

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimefika. Nyumba ya masista ya kufundisha watu kutembea upya, hapa hapa Butembo, juu kabisa ya kilima — kweli wamejua mahali pa kuwaweka wenye miguu mibovu! Kitanda kizuri. Maharagi hayana chumvi. Nyonga bado inauma pale walipotia chuma. Masera Anne-Marie, sista mkubwa wa hapa, amesema garde-malade, ndugu wa kukaa na mgonjwa, haruhusiwi, kila mtu ajifunze kujifanyia mwenyewe. Nikamuuliza basi nani atanikuna mgongo. Akacheka tu.

Mwanangu Mbusa ameniacha na wimbo wake ule ule. Nyumba yangu ina ngazi za mawe, ngazi ndizo zilizoniangusha, nihamie kwake Mavivi. Chumba kiko tayari, nyuma ya jiko, ndege zinapita juu ya bati. Nimekataa. Tumebishana mbele ya Masera mpaka akakata shauri yeye: daktari wa Beni anakuja Ijumaa ya wiki ijayo. Nikipanda ngazi ya hapa mbele yake bila kushikwa, narudi kwangu. Nikishindwa, Mavivi.

Kesho naanza na kiné, yule wa kunyoosha viungo.

Jumanne, 3 Juni

Nyamuhanga, Mungu wangu! Kiné ni mkwe wangu!

Phinées, mume wa binti yangu Jemima! Nilijua anafanya kazi Oicha. Kumbe amehamishwa. Jemima alidhani Mbusa ameniambia, Mbusa alidhani Jemima ameniambia. Akaingia na magongo yangu mawili, na mimi nimevaa lile gauni la hospitali, mbele nguo, nyuma hewa. Nikavuta shuka mpaka kichwani. Nikasikia magongo yanaanguka chini, kisha viatu vinakimbia koridoni.

Alifanya vizuri. Kwetu mkwe hamgusi mama wa mke wake, hamtazami usoni, wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Tangu wafunge ndoa mimi namjua kwa mgongo tu. Mgongo mzuri, sina ubaya nao.

Masera amekuja na hasira. « Mama Mbusa, huku ni centre, hapana mambo ya buko! Kiné ni huyu mumoja tu. » Buko ndiyo hiyo heshima yetu ya wakwe. Yeye ni mtu wa Kisangani, sijui kama kwao wana haya. Nikamjibu kwamba basi miguu yangu itakauka, lakini itakauka na adabu.

Akauliza kama adabu itanipandisha ngazi. Mdomo ule!

Alhamisi, 5 Juni

Tumepata njia. Phinées anasimama nje, mgongo kwenye dirisha. Anasema, na Mzee Zorobabel anarudia mbele yangu. Huyu mzee ni jirani yangu wa chumba cha pili. Zamani aliuza bati sokoni. Ugonjwa umemwua upande wa kushoto, ulimi ukamwachia wote.

« Banasema uinue muguu ya droite! » Akainua wake wa kulia kunionyesha. Nikamfuata. Juu, chini, juu, chini. « Banasema pia batuletee chai. » Phinées huko nje akapaza sauti kwamba yeye hakusema habari ya chai. Mzee akasema ni tafsiri.

Tulifanya hivyo asubuhi nzima. Masera akapita, akasimama, akauliza kwa nini mguu mzima ndio unatoka jasho. Loo! Mzee alikaa ananitazama — droite yake iko upande wa kushoto kwangu, na mimi nilikuwa nafuata macho, si masikio. Ule uliovunjika ulipumzika kama bibi harusi.

Jumapili, 8 Juni

Watu wa nyumbani wamekuja baada ya misa. Wengi, mpaka viti vikaisha. Sombe, kuku, kitunga cha maparachichi. Nilipotaka kusimama niwasalimu, wote wakapiga kelele, lala Mama, lala! Wakanilisha kwa kijiko. Nimevunjika nyonga, wananilisha kwa kijiko! Wiki nzima najifunza kusimama, kisha familia inakuja kunilaza.

Mbusa anasema nyumba yangu amekwisha kumwahidi pasta mmoja aingie mwisho wa mwezi. Amekwisha kumwahidi! Ile nyumba mimi na marehemu baba yao tulibeba mawe yake kutoka mtoni, Mbusa nikiwa nimemfunga mgongoni, analia. Nimekasirika mpaka kuku akanikwama kooni. Mbusa si mtu mbaya. Anaogopa kunikuta siku moja nimelala chini ya ngazi. Lakini woga wake usinitoe kwangu.

Jemima alibaki nyuma, wengine walipotoka. « Mama, bwana yangu anarudia nyumbani sauti imekwisha. Anazungumuza na dirisha siku muzima, bale bagonjwa bengine banamucheka. Unataka nyumba yako, ao unataka buko? »

Nikajifanya nimelala, na yeye akajifanya ameamini.

Jumanne, 10 Juni

Leo ngazi. Ile ya kwenda kwenye chapelle, kikanisa cha masista, ya saruji, ina chuma cha kushika upande mmoja. Kwa dirisha haiwezekani, ngazi haina dirisha. Phinées akaja na ufagio. Amegeuza uso ukutani, kijiti cha ufagio amekinyoosha nyuma, anagonga mguu unaotakiwa kupanda.

Nikasita. Kijiti kikinigusa, si ni yeye amenigusa? Tukamwita Mzee Zorobabel akate kesi. Akafikiri sana, akajikuna kidevu. « Ufagio haiko mukono. Kama ufagio ni mukono, basi bibi yangu alinipiga mikono miaka yote. » Ikapita.

Shida ni kwamba anayetazama ukuta haoni mguu. Aligonga gongo langu. Akagonga chuma. Akagonga goti la Mzee, lile zima, na Mzee akatukana kwa Kinande, maneno niliyoyasikia mwisho kwa marehemu babu yangu. Masera alikaa kwenye kidaraja cha chini, amefunika uso kwa mikono, mabega yanatikisika. Nilidhani analia.

Hata hivyo nimepanda! Nusu nzima. Mguu mzima kwanza, ule mgonjwa unafuata.

Alhamisi, 12 Juni

Leo sikupanda kitu. Mguu umekataa. Nimelia, nikiwa peke yangu, kwa sauti. Sitaki Mavivi. Sitaki kuzeeka nyuma ya jiko la mtu, hata akiwa mwanangu.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika nikiwa juu ya ngazi! Nimekaa kwenye kiti cha chapelle, mlangoni. Daftari lilikuwa mfukoni mwa gauni.

Daktari alifika, kijana mzaliwa wa Kinshasa, viatu vinang'aa. Familia yote chini, wameshika midomo. Nikaanza. Chuma, gongo, mguu mzima, mguu mgonjwa. Phinées nyuma yangu, uso ukutani, na ufagio wake. Nilipokaribia juu, gongo likateleza. Nikaanza kurudi nyuma — na nikahisi kiganja mgongoni. Cha moto, kikubwa. Si ufagio. Kikanisukuma mbele, nikafika juu.

Kisha wote kwa pamoja! Shangazi wa Mbusa anasema mkwe amemgusa mama mkwe, mbuzi wa faini atoke leo leo. Mbusa anasema mbuzi baadaye, cha maana mama ameshikwa, kwa hiyo haihesabiwi, ni Mavivi. Jemima anamwuliza kama alitaka mama adondoke. Mzee Zorobabel anasema yeye aliona ufagio.

Daktari hakuelewa hata neno. Masera akamweleza. Daktari akasema mambo ya kushikwa tuyaache, mbona nyumbani kwa huyu mama ngazi zinashuka pia? Anaenda kunywa chai. Akirudi, nishuke. Na kiné asimame mbele yangu, daraja la chini, uso kwa uso, mikono wazi, ndivyo inavyofanywa. Nikishuka hivyo vizuri, niende kwangu. Nikikataa, Mavivi.

Kushuka! Hakuna aliyenifundisha kushuka. Wiki nzima tumepanda tu, walinirudisha chini kwenye kiti kama gunia la vitungu.

Wanabishana bado huko chini juu ya mbuzi. Phinées amesimama katikati ya ngazi, anatazama ukuta, mkono ule ameuficha nyuma. Nimemwita. Hakugeuka. Nimemwambia, « Phinées, mwana yangu, geuka. Sitaki kwenda Mavivi. » Shangazi ameshika kichwa.

Amegeuka. Ana mvi! Ndevu nzima, na mimi nilidhani bado ni kijana. Macho yake mekundu, sijui hakulala. Daktari anarudi, anafuta midomo. Phinées amepanda mpaka daraja lililo chini yangu, ameninyooshea mikono yote miwili.

Ananiambia mguu mgonjwa ndio unaotangulia. Kalamu naiweka kifuani, nishike mikono yake