King'ora Kilichonyamaza Chini ya Jengo Letu

Mshauri wetu mpendwa, Bi Tordis,

Naomba msaada wako kabla ya mkutano wa wakazi wa Alhamisi. Nina miaka kumi na mitano na mwalimu wetu hutufundisha kuandika jambo likiwa limeshapangika kichwani, lakini hili limekataa kupangika. Katika jengo letu hapa Hamar kila familia ina stoo yake chini ya ardhi, na tangu theluji ianze vitu vinapotea humo, kwanza skii za kutelezea thelujini za watoto wa ghorofa ya pili, kisha bizimu za fedha za vazi la Bi Oddny, lile la siku ya taifa, alizorithi kwa mama yake, na mara zote mbili king'ora hakikulia. Basi watu wakasema mwizi ni mtu anayejua namba ya siri ya kukizima, na ingawa wote tunaijua, macho yakamgeukia dada Ragnhild, mpangaji wa ghorofa ya chini, kwa kuwa ndiye mgeni na hurudi kazini wengine tukiwa tumelala.

"Kabla hajaja hatukuwahi kuibiwa," Bi Oddny alisema kwenye ngazi, kwa sauti, dada Ragnhild akipita na mifuko yake.

"Kabla sijaja hamkuwa na mtu wa kumsema," akajibu huku akicheka, lakini mlango wake aliufunga taratibu mno. Alhamisi wataamua kama aambiwe ahame.

Sasa Jumapili mama alinituma stoo nikalete jamu, nikasahau kubonyeza namba, nikakumbuka nikiwa nimeshafika katikati ya ukumbi, nikasimama nimeziba masikio nikingoja makelele, na hakuna kilicholia. Nikatazama juu. Kile kijicho cha plastiki juu ukutani, karibu na dari, kinachohisi mtu akipita, kimepakwa rangi nyeupe sawasawa na ukuta. Ukuta huo tuliupaka wenyewe kwenye msaragambo wa vuli, ile kazi ya pamoja ya wakazi inayoishia kwa soseji, na upande ule aliupaka Babu yangu, ambaye ndiye msimamizi wa king'ora.

Nilimwuliza kwa upole, "Babu, tangu tupake rangi king'ora kimewahi kujaribiwa?"

"Taa ya mlangoni si ya kijani? Kijani maana yake kizima," akasema. "Tena usianze kukosoa msaragambo, mjukuu wangu. Umekula soseji za watu, shukuru unyamaze."

Na kweli kwetu kazi ya msaragambo haikosolewi, hata rafu ikining'inia upande watu husifu tu. Lakini jana nilimkuta Babu kule chini amepanda juu ya kiti, aliponiona akatia kitu mfukoni haraka, akasema anabadilisha balbu, na balbu ilikuwa inawaka. Tangu hapo kila tukila namchungulia mezani. Je, anajua? Amejua tangu lini? Nikisema nitamwaibisha mbele ya jengo zima, nikinyamaza dada Ragnhild atakosa makao. Naamini ipo njia ambayo hakuna atakayeumia, ila siioni.

Mwenye Shaka, Hamar

Mwenye Shaka,

Majina nimeyabadilisha yote kabla ya kuchapisha barua yako, usiogope.

Pole, mwanangu. Umeona kitu ambacho jengo zima limepita chini yake tangu vuli bila kuinua shingo. Sifa hiyo ichukue, kisha nikukaripie kidogo. Wewe unamshuku Babu yako kwa sababu ya mkono mfukoni. Bi Oddny anamshuku Ragnhild kwa sababu ya saa anazorudi. Mnatofautiana nini? Huenda mzee alikuwa anakwangua rangi kwa aibu, huenda kuna zaidi. Hujui, nami sijui. Muulize, acha kumchungulia.

Lakini asijifiche nyuma ya taa. Taa ile inasema umeme upo, haisemi kama kijicho kinaona. King'ora kisichojaribiwa ni pambo la ukutani. Mkipaka rangi mnafunika vijicho kwa karatasi, mnavifunua, mtu anapita makusudi mpaka kilie, ndipo soseji ziliwe. Baada ya hapo kila mwezi mtu apite tena, na betri zibadilishwe kabla hazijafa. Majirani watalalamikia kelele. Walalamike! Afadhali hizo kuliko kilio cha Bi Oddny.

Rangi hiyo haikwambii nani ameiba. Inakwambia kwamba yeyote aliyekuta mlango wa nje haujajifunga angeweza kuiba bila namba yoyote, na hapo ndipo kesi ya Ragnhild inapoanguka.

Kwa hiyo leo, ukitoka shule, shuka na Babu yako, wawili tu. Msikwangue kitu. Piga picha, kisha piteni mbele ya kijicho hicho asikie mwenyewe ule ukimya. Mwambie, "Babu, Alhamisi sema wewe, la sivyo nitasema mimi." Mpe heshima ya kutangulia, usimpe ruhusa ya kunyamaza. Picha ifike polisi, fundi aitwe wiki hii, na usimamizi wa king'ora uwe wa watu wawili, mmoja amkague mwenzake.

Njia ambayo hakuna atakayeumia haipo. Babu yako atachekwa jioni moja, naye ni mtu mzima. Ragnhild anaumia kila anapopita kwenye ngazi zenu. Kwa hiyo mkishatoka huko chini, usingoje mkutano. Gonga mlango wake. Anayengoja kuhukumiwa asiwe wa mwisho kujua kwamba ana shahidi.