Nani Atalipia Damu ya Mashine?

Jumatatu, 5 Agosti
Nimewasomea kidato cha mwisho sura ya tisa ya riwaya tunayoisoma – nakala moja, wanafunzi thelathini na wawili. Jenerali ana mashine yenye jicho. Ikimwona mtu, bunduki zinafyatuka zenyewe. Watu mia wamekufa sokoni, naye anasema: sikuua mimi, imeua mashine. Tukacheka wote mpaka nikagonga meza. Wandape akasimama: mashine haina ukoo, mwalimu, haina nguruwe wa kulipa fidia, basi alipe aliyeishika. Binti huyu atanizidi akili. Nimempa maksi zote.

Jumatano, 7 Agosti
Vita. Ukoo wa mume wangu na ukoo wetu nilikozaliwa, kisa shamba la kahawa. Bunduki tangu alfajiri. Darajani wawili wamekatwakatwa mapanga, mmoja hana uso. Nimemwona.
Sisi tulioolewa huku hatuguswi na upande wowote, ndivyo wanavyosema. Kaka yangu Kandaso yuko ng'ambo ya mto, upande wetu. Mume wangu Tindiwi anasema yeye si mpiganaji, ni mpiga picha za harusi tu. Afadhali.

Alhamisi, 8 Agosti
Kandaso ameuawa.

Ijumaa, 9 Agosti
Nimejipaka tope la maombolezo. Watu wa huku wamenizuia kwenda kwenye nyumba ya kilio. Risasi tatu, akiwa amelala mtaroni katikati ya matete. Kutoka chini asingeonekana. Kutoka chini! Wanaume wa huku wanasimuliana kwa furaha: droni ilimwona. Bonde zima lina droni moja, ile ya Tindiwi ya kupigia picha za harusi kutoka angani. Yeye anatangaza kuwa iliibwa wiki jana. Nimeikuta chini ya kitanda chetu.
Nilipombana akasema, "Mimi nilitazama tu. Bunduki sikushika." Nikampiga na sufuria ya viazi vitamu. Akanirudishia ngumi, jino limetoka. Mkuki kwa nguruwe mtamu – juzi tu nilikuwa nacheka na darasa.

Jumamosi, 10 Agosti
Nimechomoa kadi ya droni, nimeitazama kwenye kompyuta ya shule. Kandaso anainua uso. Anaijua, ilimpiga picha siku ya mahari yangu. Anapunga mkono, mjinga wangu yule, anacheka! Halafu anaanguka. Droni haikuondoka. Ilishuka karibu zaidi, ikaonyesha pa kupiga tena.
Namchukia Tindiwi. Nimepika, amekula.

Jumapili, 11 Agosti
Watu wa ukoo wetu wamezingira uzio wa shule tangu ibada. Wana petroli. Baba mdogo Pyaso amekuja mpaka kwenye dirisha la nyumba ya walimu, mikono mitupu. "Mwanangu, mumeo anasema iliibwa. Wewe ni damu yetu, neno lako tutaliamini. Tupe jina la aliyeirusha, tumchukue huyo mmoja. Damu isiyo na mwenyewe tutailipiza kwa ukoo mzima wa mumeo, na shule ni yao." Amenipa muda mpaka jua lifike juu ya paa la kanisa. Bwenini kuna wasichana kumi na tisa. Wandape yumo.
Tindiwi anasema niwaambie iliibwa. Ameona kadi haimo; ameshapekua begi langu, sasa anapekua kabati. Kadi iko ndani ya sidiria. Ameniuliza naandika nini. Nimemwambia nasahihisha insha.
Amevuta kiti mpaka mlangoni, amekaa, shoka mapajani. Jua limeshafika kwenye paa. Huko nje wananiita kwa jina langu la utotoni, naye ananyoosha mkono anataka kuliona daftari hili.