Chapati za Heshima

Voi, Jumatano

Mama mpendwa, na ninyi makomredi wadogo mnaomsomea barua hii kando ya jiko,

Nawasalimu kwa jina la mapambano yetu dhidi ya ngano! Mama, kifua chako kimepona? Mimi napumua, ila nimekonda, na akili yangu imevurugika.

Agizo la daktari wa Nairobi mnalijua: ngano isipite kinywani mwangu, la sivyo utumbo utazidi kuharibika. Chuoni nilishinda mijadala. Hapa Voi, nilikoletwa kufundisha, nimeshindwa na sahani. Mikahawa ya karibu na stesheni ni mandazi, mkate na chapati. Dukani nikiulizia unga wa wimbi, naambiwa nisubiri mzigo kutoka Taveta. Nikaamua kula kwa mama mwenye nyumba, Mama Wakesho, mzaliwa wa Bura. Kwao hula kimanga, yaani maharage na mihogo iliyopondwa pamoja.

Ajabu ilianzia hapo. Wao walikula kimanga. Mimi nikaandaliwa chapati.

“Mama, naomba hicho chenu.”

“Hiki? Mwalimu mzima wa chuo kikuu! Majirani watasema nakulisha chakula cha shida.”

Nikahutubia juu ya kuondoa matabaka mpaka akacheka, akaingia jikoni kunipakulia. Usiku kucha tumbo likanisokota. Kesho yake vilevile. Nikatilia shaka maji, chumvi, hata daktari mwenyewe. Mwalimu mkuu wa shule yetu akanionya kwamba nikikosa darasa tena ataomba mwalimu mwingine.

Jana nikamkuta Mama Wakesho akikoroga unga mweupe katika sufuria ya kimanga changu.

“Hiyo si ngano?”

“Kidogo tu, kilainike, kifanane na chakula cha mgeni.”

Nikamweleza habari ya utumbo. Akaketi ghafla.

“Kumbe nakuua kwa adabu! Mbona hukusema ni ugonjwa? Mimi nilidhani ni siasa.”

Mama, sijui nikasirike au nimshukuru. Mtu huikataaje heshima bila kumvunjia heshima anayeitoa? Yeye anaogopa majirani, nami naogopa kurudishwa nyumbani kabla sijafundisha muhula mmoja. Basi tumepatana: awaalike majirani hao, nile kimanga kisicho na ngano mbele ya macho yao, na ugonjwa niutangaze kwa kinywa changu mwenyewe, asije akalaumiwa.

Nisalimieni shangazi mshonaji, na babu mlinzi wa ghala. Niombeeni nisihutubie mpaka chakula kipoe.

Binti yako,
Nafula

Mkutano ni Jumapili hii, saa nane mchana, uani kwa Mama Wakesho.